Mcheza Kwao Hutunzwa: Wazee wa Havana na Dansi Iliyofufuliwa

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Leo napenda kuipima methali hii kwa habari za wazee wa Havana, mji mkuu wa Kuba, ambao walicheza kwao, wakasahauliwa, kisha wakatunzwa ugenini.

Muziki wao si mgeni kwetu. Wengi katika watu wa Kuba ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, na baadhi yao walitoka nchi za Kongo. Tangu mwaka 1933 sahani za santuri zenye alama ya GV zililetwa kuuzwa Afrika, nazo zilikuwa na nyimbo za Kuba. Huko Kongo zikasaidia kuizaa rumba, na rumba ikafika hata Nairobi na Dar es Salaam. Basi habari hizi ni za ukoo wetu.

Zamani watu weusi wa Havana walikuwa na vyama vyao wenyewe vya dansi, kwa kuwa katika vyama vya Wazungu hawakukaribishwa. Kimoja kiliitwa Buena Vista, nacho kilisitawi katika miaka ya 1940. Siku zile Arsenio Rodríguez, fundi kipofu, aliongeza tarumbeta katika bendi yake, akatia piano na ngoma za konga, hata muziki ukawa mzito wa kuitikisa sakafu. Mpiga piano wake mmoja alikuwa Rubén González. Katika dansi ya namna ile mwenye kuhukumu ni mguu wa mchezaji: ukisimama, mpigaji ajua kwamba amekosea. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 vyama vile vilifungwa.

Hata mwezi wa Machi 1996, Mmarekani Ry Cooder alifika Havana kupiga muziki pamoja na mafundi wa Mali. Wale wa Mali hawakuweza kufika. Ndipo yeye na Juan de Marcos González, mwana wa Kuba, wakawakusanya wazee. Compay Segundo alikuwa amezaliwa mwaka 1907. Ibrahim Ferrer, mwimbaji, alikuwa aking'arisha viatu ili apate riziki. Rubén González hakuwa na piano nyumbani. Sahani yao, iliyoitwa kwa jina la chama kile, ilitoka mwaka 1997. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy, na wazee wakapiga katika ukumbi wa Carnegie, New York.

Je, ndiyo dansi ile ile? Mimi nasema siyo. Sauti ya Ferrer ni tamu, na uzee umeiongezea huruma ambayo kijana hana. Lakini mwendo umepoa, wingi wa tarumbeta za Arsenio haupo, na gitaa la Cooder laingia mahali ambapo zamani halikuwapo. Tena wasikilizaji wa New York walilipa, wakaketi vitini, wakapiga makofi. Ule mguu wenye kuhukumu haukuwapo. Wengine walidhani kwamba dansi yote ya Kuba ndiyo hii, hali bendi ya Los Van Van, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilikuwa ikiwachezesha vijana wa Havana nyimbo mpya.

Hata hivyo siwezi kuidharau kazi hii. Chama hakikufufuka, wala ukumbi, wala wachezaji. Bali wazee walirudishiwa heshima yao, na hilo si jambo dogo. Ila heshima ilikuja jioni. Segundo na González walifariki mwaka 2003, Ferrer mwaka 2005.

Nami naona uchungu nikikumbuka kwamba aliyewatafuta alikuja kwa ajili ya watu wengine. Kama wale wa Mali wangefika, huenda Ferrer angaliendelea kushika brashi ya viatu mpaka kufa. Ndugu zangu, kila kijiji kina mzee ajuaye nyimbo za ngoma ambayo haichezwi tena. Twampita barabarani, twamwamkia, twaenda zetu. Tumwendee angali na sauti, tumsikilize, na vijana wajifunze hatua zake kwa miguu yao, tusingoje mpaka mgeni apotee njia ndipo tumjue mtu wetu.