Mpira Uliotulia Mguuni

Jioni, jua linaposhuka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuna mzee mmoja wa mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, ambaye hufundisha watoto mpira kwenye barabara ya vumbi, katikati ya gereji mbili. Hana filimbi, hana koni. Anaurusha mpira juu kwa mikono, na mtoto ambaye ni zamu yake anautuliza kwa mguu. Ukidunda ukamwacha hata hatua moja, anarudi mwisho wa foleni. Hakuna anayefunga goli, maana goli lenyewe halipo. Mimi humkuta nikitoka sokoni Ruvumera, na siwezi kupita bila kusimama. Wapo watu wazima wanaomwambia, "Mzee, waache watoto wacheze basi!" Hawajibu. Anarusha mwingine.

Namtanguliza yeye kwa sababu siku kubwa kuliko zote katika mpira wa Burundi husimuliwa kwa namna inayomsahau yeye na wenzake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Machi 2019. Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, ilikuwa haijapata kufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 1993 tulifika mpaka kizingitini, Guinea wakatutoa kwa penalti, na miaka iliyofuata nchi ilikuwa na vilio vikubwa kuliko vya mpira. Safari hii tulihitaji sare tu dhidi ya Gabon, tena nyumbani, katika uwanja ambao bado uliitwa kwa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore, kabla ya kupewa jina la Intwari mwaka huohuo. Gabon walikuja na Pierre-Emerick Aubameyang, mfungaji wa Arsenal, na kwao hakukuwa na njia ila kushinda. Dakika ya 76 Cédric Amissi akafunga. Dakika ya 82 mpira ukaingia golini mwetu kwa mguso wa mchezaji wetu wenyewe; jina lake silitaji, kwa kuwa siku ile hakuna mchezaji wa Burundi aliyestahili lawama. Ikawa 1–1, na ikabaki hivyo. Vitabu vimeandika sare. Buyenzi tunauita ushindi, na sijashuhudia ushindi mwingine wenye jasho kama ule.

Kila anayesimulia siku hiyo husimulia goli la Amissi. Ana haki, lilikuwa goli la kusimuliwa. Lakini goli ni tukio la nukta moja, nasi baada yake tulibaki na mlima wa kupanda. Kuanzia ile dakika ya 82 mpaka kipenga cha mwisho, Gabon walikuwa wanahitaji goli moja tu zaidi ili sisi tubaki nyumbani kama miaka yote. Uwanja mzima ulisimama. Waliokuwa wakiimba walinyamaza, na waliokuwa wamenyamaza walianza kusali kwa sauti, Waislamu na Wakristo bega kwa bega, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Katika dakika zile niliona kitu ambacho nilikuwa nimekulia ndani yake bila kukipa heshima yake.

Niliona vijana wetu wakiutuliza mpira. Mpira mrefu unatoka juu, mzito, na nyuma yako anakuja beki mwenye miguu mirefu na shida kubwa kuliko yako. Mtu wa kawaida anaupiga mbele popote uendako, na nusu dakika baadaye umemrudia. Lakini yule aliyefunzwa anaupokea kama mama anavyompokea mtoto aliyesinzia kutoka mikononi mwa mwenziwe: anashuka nao, anaurudisha mguu nyuma kidogo wakati uleule mpira unapoufikia, na kishindo chote kinakwisha. Mpira unalala. Anauwekea mgongo baina yake na adui, anangoja asukumwe, anapata faulo au anapata mpira wa kurusha, na wenzake kumi wanapumua. Hakuna mtangazaji anayepiga kelele kwa jambo kama hilo. Hakuna anayelikata vipande na kulituma kwenye simu. Lakini zihesabu pumzi hizo moja baada ya moja kuanzia dakika ya 82, na utaona kwamba ndizo zilizotupeleka Misri, kwenye fainali.

Tuliojifunza mpira Buyenzi na Bwiza tunajua ufundi huo ulitoka wapi. Mpira wetu wa kwanza haukununuliwa. Tuliutengeneza kwa majani makavu ya migomba, tukayaviringisha mpaka yakashikamana, tukayavika mfuko wa nailoni na kuyafunga kwa kamba. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa kuifunga ile kamba. Alianza kwa kuizungusha upande mmoja, kisha akakatisha, kisha akakatisha tena, akivuta kwa meno, na alipomaliza aliudondosha chini kutoka usawa wa kifua ili ausikilize. Ukitoa sauti nene, ulikuwa tayari. Ukitoa sauti ya majani, aliufungua wote akaanza upya, hata kama sisi wadogo tulikuwa tunalia kwamba magharibi inaingia. Sikuwahi kumwona akitupa mpira ambao haukukamilika.

Mpira ule haukudunda sawasawa hata siku moja. Ulikuwa na upande mzito na upande mwepesi, na uliposhuka ulichagua mwenyewe pa kwenda. Barabara nayo ilikuwa na mawe, mashimo, magari yanayongoja kutengenezwa, na mtaro wa maji machafu kila upande. Sheria yetu ilikuwa fupi: anayeuachia mpira ukaingia mtaroni anaufuata, anausafisha, na nafasi yake inachukuliwa na aliyekuwa ananyoosha shingo nje. Kwa hiyo tulijifunza kuutuliza kwa woga kwanza, na baadaye kwa raha. Ilifika wakati mtoto hata hautazami. Mguu wenyewe unajua. Wapo waliokuwa hawafungi hata goli moja kwa wiki lakini walichaguliwa wa kwanza kila jioni, kwa sababu mpira ukifika kwao haupotei. Majina yao tulikuwa tunayataja kwa adabu kama ya wazee.

Kutoka kwenye mitaro hiyo ilitoka klabu yetu ya Vital'O ya zambarau na nyeupe iliyofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992. Hapa Bujumbura ilitoka 1–1 na Africa Sports ya Abidjan. Kule kwao tukafungwa 4–0, na wazee bado wanabishana kuhusu mechi ya kwanza kana kwamba ya pili haikuchezwa. Mwaka 1995, nchi ikiwa katikati ya vita, vijana wetu wa chini ya miaka 20 walifika fainali ya Afrika, wakafungwa na Cameroon, wakaenda Qatar kucheza Kombe la Dunia la vijana katika kundi moja na Hispania, Chile na Japani. Fikiria umri ule, umri wa mwanafunzi wa kidato, halafu fikiria mji waliouacha nyuma yao. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kombe.

Kombe lenyewe lilikuja mwaka 2013. Januari 27 ya mwaka huo soko kuu la Bujumbura liliteketea, na mji ukashinda miezi ukitembea kama umefiwa, kwa kuwa kila familia ilikuwa na mtu aliyepoteza meza, kibanda au mtaji. Miezi mitano baadaye, katika Kombe la Kagame la klabu za ukanda wetu, huko Darfur, Sudan, Vital'O ikaifunga APR ya Rwanda 2–0 katika fainali. Hakuna klabu ya Burundi iliyokuwa imewahi kulitwaa kombe hilo. Wapo waliosema ilikuwa rahisi kwa kuwa Simba na Yanga za Tanzania hazikwenda, zikihofia usalama wa Darfur. Sikubaliani nao. Aliyekwenda ndiye aliyecheza, na Darfur haikuwa salama zaidi kwa Warundi.

Mfungaji bora wa mashindano yale alikuwa Amissi Tambwe, na wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuambiwa yaliyofuata. Simba wakamchukua, akafunga magoli 19 katika ligi ya 2013/14 na kuwa mfungaji bora. Akahamia Yanga, akafunga 21 msimu wa 2015/16, akawa mfungaji bora tena. Hakuwa na mbio za kutisha. Hakuwa na chenga za kuwainua watu vitini. Alikuwa mahali mpira unapofika, na mpira ulipofika hakuhitaji kuugusa mara ya pili. Halafu tazama Saido Ntibazonkiza: Vital'O, Uholanzi, Poland, Uturuki, Ufaransa, na baada ya hayo yote anarudi ukanda wetu akiwa na umri ambao wengine wamestaafu, na mwaka 2023, akiwa na miaka 36, anamaliza ligi ya Tanzania akiwa mfungaji bora sawa na Fiston Mayele, magoli 17 kila mmoja. Mbio huisha. Ule utulivu wa mguu haukumwisha. Na makocha je? Étienne Ndayiragije alipewa Taifa Stars ya Tanzania, Cédric Kaze akapewa Yanga, Masoud Djuma akaipa Rayon Sports ubingwa wa Rwanda mwaka 2017. Mji huu mdogo kando ya Tanganyika umewagawia majirani mafundi kwa miaka, na haukuwahi kuandika daftari la waliokwenda.

Hapa ndipo moyo unaponiuma. Usiku ule wa Machi 2019 tulicheza mpaka alfajiri. Magari yalipiga honi kutoka Rohero mpaka Kamenge, watu wasiosalimiana walikumbatiana. Yalikuwa mambo mazuri na siyajutii. Kule Misri tukafungwa na Nigeria 1–0, na Madagascar 1–0, na Guinea 2–0, bila kupata goli hata moja, na bado tuliwapokea kwa furaha. Lakini baada ya furaha hakuna aliyeuliza wale vijana walijifunzia wapi, wala kama mahali penyewe pangalipo. Tulisherehekea mazao, tukaliacha shamba.

Viwanja vya vumbi nilivyovijua vimezungushiwa kuta kimoja baada ya kingine. Pale tulipochezea mechi za mtaa kwa mtaa sasa kuna stoo za saruji, na pengine pamesimama nyumba ya ghorofa yenye geti jekundu. Sisemi watu wasijenge. Nasema hakuna aliyekaa chini akaamua kwamba katika mtaa wenye watoto wengi namna hii kibaki kipande kimoja cha ardhi kwa ajili ya miguu yao. Uwanja mkubwa nao ukatushinda. Kwa miaka kadhaa Shirikisho la Mpira la Afrika liliukataa kwa mechi za kimataifa, na timu ya taifa ikawa inakaribisha wageni ugenini. Juni 2022 tuliipokea Cameroon katika uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, tukafungwa 1–0. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sisi tulitunzwa na watu wachache waliomudu nauli, na Warundi wanaoishi kule, Mungu awabariki, waliopiga ngoma kwa niaba ya mji mzima.

Kisha ikaja Agosti 2024. Vital'O, bingwa wa Burundi, ikapangwa na Yanga katika Ligi ya Mabingwa. Mechi yake ya nyumbani ikachezwa Dar es Salaam, ikafungwa 4–0. Marudiano, hukohuko, 6–0. Magoli kumi, kutoka kwa Yanga ileile ambayo Tambwe na Saido waliwahi kuifungia. Nilizitazama mechi zote mbili mpaka mwisho kwa sababu niliona ni wajibu. Yanga walikuwa na fedha, maandalizi na wachezaji bora, hayo hayabishaniwi. Kilichonitesa kilikuwa kidogo zaidi. Mpira ulipowafikia vijana wetu uliwaruka. Mguso wa kwanza ulikuwa mita mbili mbele, na mita mbili mbele alikuwepo mtu wa Yanga, kila mara. Vijana walikimbia, walijitupa, walijitolea, hakuna aliyelala. Lakini huwezi kukimbiza mpira dakika 90 na ukabaki na pumzi ya kufikiri.

Siwalaumu wao. Wamelelewa katika vituo ambako mtoto hupimwa urefu na mbio kabla ya kupewa mpira, na wanatazama vipande vya video ambamo kila mguso ni goli. Hakuna anayewaonyesha mtu akiutuliza tu. Sisi wakubwa ndio tuliowafundisha kwamba hilo si kitu: ni sisi tunaozomea mchezaji akirudisha mpira nyuma, ni sisi tunaopiga kelele "Piga!" kabla hajauweka chini. Hata kumbukumbu hatukuwawekea. Ukitaka kuwaonyesha namna Vital'O ya 1992 ilivyocheza, utamtafuta mtu mwenye umri wangu aliye tayari kusimama sebuleni na kuwaigizia.

Tambwe yupo. Saido yupo. Wale vijana wa 1995, waliobaki hai, sasa ni wanaume wa miaka kama hamsini, na baadhi yao ungewakuta kwenye baraza za Bwiza wakinywa chai. Wakuu wa mpira wetu wakiniuliza, ningewaomba jambo moja ambalo halihitaji nyasi bandia wala ufadhili: watenge barabara moja Buyenzi, ifungwe magari kuanzia saa kumi na moja jioni, na kila siku mmoja wa hao aitwe, alipwe nauli na posho kama mwalimu mwingine yeyote, awarushie watoto mpira juu.