Fani ya Utulivu katika Bluzi za Mississippi John Hurt

Baada ya kurekodi bluzi zake za kwanza mwaka 1928, Mississippi John Hurt alirejea kwenye kilimo huko Avalon, jimbo la Mississippi, Marekani, hadi alipotafutwa tena mwaka 1963. Santuri yake Today! (1966) ni sauti moja na gitaa moja kavu. Kidole gumba hushikilia mapigo ya nyuzi nene bila kuyumba, huku vidole vingine vikifuata lahani. Pengine sauti hunyamaza kabla ya mshororo kwisha, na nyuzi zikaukamilisha. Mhakiki apimaye bluzi kwa ukali wa kilio ataiona sanaa hii nyepesi. Atakuwa amekosea: utulivu huo ni nidhamu ya fani, iliyolelewa na mkulima ambaye kwa miaka 35 aliwapigia majirani, si soko.