Dawa Isiyowekwa Akiba

Pelindaba, magharibi mwa Pretoria, kuna kinu cha nyuklia kiitwacho SAFARI-1. Kilianza kazi mwaka 1965, na hakizalishi umeme. Sifa yake kubwa ni molibdeni-99, bidhaa isiyokubali kukaa ghalani: kila saa 66 zikipita, nusu yake imekwisha kugeuka kitu kingine. Ni hasara ya takriban asilimia moja kila saa. Ufundi wa watu wa kinu umejengwa juu ya sharti hilo, nami nauheshimu mno.

Kazi huanza na vibamba vya urani vilivyovikwa alumini. Huingizwa kinuni vipigwe na nutroni kwa siku kadhaa, atomu zipasuke. Katika kila mipasuko 100, takriban 6 tu ndiyo huzaa molibdeni-99. Mingine huzaa mchanganyiko mkali wa mionzi, na fundi hutakiwa kuitenga molibdeni hiyo bila kuigusa. Husimama nje ya ukuta mnene wa zege, akichungulia kwenye kioo kizito chenye risasi, huku akiendesha mikono ya chuma iliyoko ndani. Kwa mikono hiyo huyeyusha, huchuja, husafisha na kupima. Hawezi kupapia, kwani kinachomwagika mle hakuna wa kuingia kukifuta. Hawezi kuzembea pia, kwani mali inayeyuka saa hadi saa.

Molibdeni safi hunaswa kwenye unga wa alumina ndani ya bomba dogo lililozungushiwa risasi, kisha husafirishwa upesi hadi hospitali. Humo bombani molibdeni hugeuka kuwa teknesiamu-99m, inayokamuliwa kila asubuhi kama maziwa: maji ya chumvi hupita, teknesiamu ikatoka nayo, molibdeni ikabaki imeng'ang'ania. Walter Tucker na Margaret Greene waliibuni njia hiyo katika maabara ya Brookhaven, Marekani, miaka ya 1950. Mtaalamu wa hospitali huhakikisha kwanza kwamba molibdeni haikupenya, ndipo aichanganye teknesiamu na dawa ya kuipeleka inakotakiwa. Ikichanganywa na dawa ya jamii ya fosfeti, huenda mifupani, na kamera ya gama huonyesha mahali saratani ilipojipenyeza.

Teknesiamu hupungua nusu kila saa 6. Kesho yake imebaki sehemu moja kati ya 16. Ndiyo maana mwili wa mgonjwa haubebi mionzi kwa muda mrefu.

Basi ukimsindikiza mzazi wako kupigwa picha hiyo, mfikishe kwa saa mliyopangiwa. Dozi yake imeandaliwa kwa saa hiyo, na haiwezi kumsubiri.