Intore Mbele ya Kamera ya 1950: Mtazamaji wa Rubona na Filamu ya King Solomon's Mines

Filamu ya King Solomon's Mines, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1950, ilihesabiwa katika zama zake kuwa kazi ya kuthubutu. Waongozaji wake, Compton Bennett na Andrew Marton, waliipa kisogo misitu ya kuchora ya studio, wakasafirisha kamera za Technicolor hadi Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Waliacha kutumia okestra iliyozoeleka katika filamu za Hollywood, wakaziachia ngoma na nyimbo za Kiafrika nafasi hiyo. Walimtia mwanamke, aliyeigizwa na Deborah Kerr, katikati ya msafara ambao katika riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885 ulikuwa wa wanaume. Tuzo mbili za Oscar, ya upigaji picha na ya uhariri, zilithibitisha kwamba ujasiri huo ulipokelewa vema.

Rubona, ufukweni mwa Ziwa Kivu kusini ya mji wa Gisenyi, ni mahali pazuri pa kuipima upya sifa hiyo. Hapa kuna kiwanda cha bia, wavuvi wa sambaza na biashara inayovuka kwenda Goma na kurudi. Kinyarwanda na Kiswahili hukutana katika sentensi moja bila kuombana radhi. Mtazamaji kijana wa hapa, aliyezaliwa baada ya 1994, anaijia filamu akiwa na ujuzi ambao watazamaji wa 1950 hawakuweza kuwa nao. Kwake, onyesho la tembo akipigwa risasi mwanzoni mwa filamu ni uchungu mtupu, kwani mkoa wake unaishi kwa wageni wanaolipa ili kumwona mnyama akiwa hai. Lakini hilo ni jambo dogo likilinganishwa na orodha ya waigizaji.

Katika orodha hiyo, Stewart Granger na Deborah Kerr wana majina kamili. Waigizaji Waafrika wana jina moja moja, likifuatwa na kabila: Kimursi wa Wakipsigis, Siriaque, Sekaryongo na Baziga wa "Watusi". Mwaka 1950 jambo hili lilisomwa kama heshima: hatimaye Mwafrika anatajwa. Msomaji wa Rwanda ya leo hawezi kulisoma hivyo. Anajua kwamba utawala wa Kibelgiji, katika miaka ya 1930, uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho chake, na kwamba mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno hilo kwenye kadi liliweza kuamua nani apite kizuizini na nani auawe. Maandishi yaleyale yaliyokuwa shukrani yanasomeka sasa kama kitambulisho.

Hadithi yenyewe inaongeza uzito. Umbopa, mtu mrefu na mkimya, hufuatana na msafara hadi inapodhihirika kwamba ni mrithi halali wa ufalme, kisha anapigana na Twala na kurejeshwa kitini. Haggard aliuandika ufalme wa kubuni. Filamu iliupa miili ya Wanyarwanda. Urefu wao, mikao yao, hata namna kamera inavyowainamia kutoka chini, vinarudia nadharia ambayo John Hanning Speke aliieneza katika kitabu chake cha 1863: kwamba watawala wa maziwa makuu walikuwa jamii ya kuja, iliyo bora kuliko majirani zake. Filamu haikuibuni nadharia hiyo. Iliipaka rangi, na rangi hudumu. Mwaka 1959 MGM ilitoa filamu nyingine iliyotumia tena picha zilezile, ikaiita Watusi. Novemba ya mwaka huohuo machafuko yalizuka Rwanda na maelfu ya Watutsi wakaanza kukimbia nchi. Mwaka 1962, Rwanda ilipopata uhuru, vijana wa Marekani walikuwa wakicheza mtindo wa dansi uliobeba jina hilohilo. Ni vigumu kupata mfano mkali zaidi wa umbali kati ya picha na watu wake.

Je, filamu iwekwe kabatini? Hapana, na sababu kuu ni ngoma. Onyesho la intore ni sehemu bora kuliko zote katika filamu, na linaweza kutazamwa bila kumfikiria Granger hata kidogo: nywele za katani zinazopeperuka, miguu inayotua kwa pamoja, mapambo yaliyopigwa picha za rangi enzi za Mwami Mutara III Rudahigwa. UNESCO iliiingiza Intore katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2024; hifadhi ya aina hii haiwezi kutupwa kwa sababu aliyeipiga alikuwa na macho ya kikoloni.

Kinachohitajika ni maelezo. Mwaka 2020 HBO Max iliiondoa Gone with the Wind kwa muda, kisha ikairudisha ikiwa na utangulizi wa mwanahistoria wa filamu, Jacqueline Stewart. Afrika Mashariki haina haja ya kuazima mbinu hiyo, kwa maana inayo yake. Agasobanuye ya Rwanda, kama filamu zenye sauti ya mfasiri huko Uganda na Tanzania, imewazoesha watazamaji msimulizi anayesimama kati yao na picha, akifafanua, akikejeli, akisahihisha. Wasomi wameidharau sauti hiyo kwa muda mrefu kupita kiasi.

Kiswahili, ambacho filamu za safari za enzi hiyo zilikitumia zaidi kuwaamrisha wapagazi, kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Toleo lenye masimulizi ya Kiswahili na Kinyarwanda lingefaa shule za Rubavu, na lianze na orodha ya waigizaji: Siriaque, Sekaryongo na Baziga watafutiwe majina yao kamili katika kumbukumbu za familia na za makao ya mwami, na wazee wanaozijua hatua za ngoma ile waulizwe ni ngoma ipi, na ilichezwa kwa ajili ya nani kabla kamera haijafika.