Webuye: Kwa Nini Kiwanda cha Karatasi Hakifufuki kwa Nusu

Pan African Paper Mills ilipoanza kutengeneza karatasi Webuye, magharibi mwa Kenya, mwaka 1974, mahali palifaa. Mto Nzoia ulikuwa na maji tele, reli ya kwenda Malaba ilipita hapo hapo, na msitu wa kupandwa wa Turbo haukuwa mbali. Mtaji ulitoka kwa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India na IFC, tawi la Benki ya Dunia. Mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kwa madeni, na mji uliokitegemea ukadorora.

Baada ya hapo swali likawa moja: majengo yapo, mitambo imo ndani, mbona isiwashwe hata sehemu moja? Jibu limo katika namna karatasi inavyotengenezwa.

Gogo la msonobari humenywa gome, kisha hukatwakatwa kuwa vibanzi. Vibanzi huingizwa katika pipa kubwa la chuma na kupikwa kwa soda kaustiki na salfidi ya sodiamu, kwa joto la nyuzi 170 hivi. Kemikali hizo huyeyusha lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti. Nyuzi zinazobaki ndizo hufanywa karatasi, nazo ni kama nusu tu ya uzito wa mti.

Nusu nyingine hutoka ikiwa majimaji meusi, na hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Majimaji hayo huchemshwa hadi yawe mazito, kisha hupulizwa ndani ya boila maalumu na kuchomwa. Lignini inawaka na kutoa mvuke unaoendesha mitambo na kuzalisha umeme. Chini ya boila hutiririka kemikali zilizoyeyuka. Hizo hutiwa maji, huchanganywa na chokaa, na kurudi kupika vibanzi vipya. Chokaa iliyotumika nayo huchomwa upya katika tanuri. Mzunguko ukienda sawa, zaidi ya asilimia 90 ya kemikali hurudi kazini.

Kwa hiyo boila hiyo si jengo mojawapo tu. Ikisimama, kiwanda kinapoteza mvuke, kinanunua kemikali upya kila siku, na majimaji meusi yanakosa pa kwenda isipokuwa mtoni. Na boila iliyoachwa baridi haitulii: mabaki ya soda hunyonya unyevu na kula mabomba yake. Kila mwaka wa kufuli langoni huongeza gharama ya kuanza tena.

Upungufu wa mzunguko huo wa kemikali ulionekana hata kiwanda kikiwa kazini. Gesi za salfa zilitoroka, na wakazi wakalalamikia harufu na mabati yaliyotoboka. Salfa hewani ikikutana na unyevu huwa asidi. Asidi hula kwanza zinki inayolifunika bati, kisha chuma huliwa na kutu mpaka mvua inaingia ndani. Wenye nyumba ndio waliobeba hasara ya kifaa cha kuzuia gesi ambacho hakikutosha.

Kuna pia suala la mti. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu yake mwaka 1999, Pan Paper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea. Ruhusa, hata hivyo, haioteshi msonobari. Mti unaokatwa leo ulipaswa kupandwa miaka 15 au zaidi iliyopita.

Kiwanda kiliuzwa kwa kundi la kampuni la Rai mwaka 2016, na si Webuye pekee iliyosubiri moshi urudi. Kwa kila kiongozi anayeahidi kufufua kiwanda cha namna hii, wananchi msiridhike na rangi mpya ukutani wala hotuba langoni. Mwambieni awaonyeshe boila, vichujio vya gesi na miche iliyopandwa. Akikosa kimoja, ahadi hiyo haina msingi.