Wafinyanzi Waliomo Madaftarini

Mtu akishika chungu cha Kisi kwa mara ya kwanza hushangazwa na wepesi wake. Kuta ni nyembamba, mdomo umeviringika sawasawa, tumbo halina upande uliolegea, na yote hayo yamefanywa kwa mikono, bila gurudumu la kufinyangia. Kisha chungu kimechomwa mahali pa wazi kwa nyasi na kuni, pasipo tanuri. Moto wa namna hiyo hupanda upesi na hausikilizi mtu. Unyevu uliosalia ndani ya udongo hugeuka mvuke na kupasua chungu, na ukuta wenye sehemu nene na nyembamba hupata joto kwa mwendo tofauti ukaingia ufa. Usawa wa ukuta basi ni sharti la chungu kutoka motoni kikiwa kizima, na uzuri tunaouona umezaliwa na sharti hilo. Mwenye kujua hayo hawezi kuuita ufinyanzi kazi rahisi ya mikono. Ni elimu ya udongo, ya moto na ya muda, iliyobebwa kichwani na vidoleni na wanawake wa Ikombe na wa vijiji vingine vya pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa.

Elimu hiyo ndiyo iliyolisha pwani ile. Milima ya Livingstone huteremka karibu mpaka majini, na mashamba ni haba. Wanawake walifinyanga, wanaume walivua na kupiga makasia, na vyungu vikavushwa kwa mitumbwi hadi upande wa Wanyakyusa, wenye mpunga, ndizi na mahindi, vikabadilishwa na chakula. Hata leo vyungu hushushwa Lyulilo, jirani na Matema, kwenye soko la Jumamosi, na kutoka hapo hupakiwa kwenda Kyela, Tukuyu na Mbeya. Sifa za vyungu hivi zimeandikwa kwa zaidi ya karne moja, lakini sifa hizo zina upungufu mkubwa: zinalisifu kabila na kumwacha mtu. Tunasema vyungu vya Wakisi kana kwamba kabila lina vidole. Hoja yangu ni kwamba wafinyanzi wa zamani wa Nyanda za Juu Kusini wanaweza kutafutwa na kupatikana mmoja mmoja, kwa majina yao na mama zao, katika kumbukumbu zilizoandikwa papo hapo walipoishi. Kuwatafuta hivyo ndiyo heshima inayoistahili kazi yao.

Tuanze na yaliyochapishwa, maana ndiko wengi wanakoishia. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekaa katika eneo la Langenburg, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mwishoni mwa karne ya 19, alitoa mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi ya Nyasa na Ruvuma, na ufinyanzi wa Wakisi una nafasi yake humo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza biashara iliyowaunganisha Wakisi wenye vyungu, Wakinga wenye chuma na Wanyakyusa wenye chakula. Katika miaka ya 1970 S. A. C. Waane wa Idara ya Mambo ya Kale alichapisha uchunguzi wa mbinu za wafinyanzi wa Ikombe, na kwa thamani yake kazi hiyo ingestahili kusomwa katika kila chuo cha ualimu mkoani Mbeya. Maandiko haya yanatufundisha udongo, umbo, moto na soko. Lakini vitabu vya aina hii vilitaka kuonyesha desturi, na desturi haihitaji jina la mtu. Mtawala, chifu na mmisionari wametajwa kwa majina yao. Mwanamke aliyemfinyangia chifu chungu chake ameachwa ndani ya wingi.

Jina lake lilikwenda wapi? Kwa sehemu kubwa liliandikwa na mtu aliyekuwa na shida nyingine kabisa. Wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian wa Herrnhut, waliingia nchi ya Konde, yaani ya Wanyakyusa na jirani zao, mwaka 1891, na kabla ya karne kwisha Ikombe nayo ilikuwa na kituo cha misheni ya Berlin. Misheni huandika. Daftari la ubatizo kwa kawaida huweka tarehe, jina la zamani na jipya, wazazi na kijiji. Daftari la ndoa huonyesha nani aliolewa na nani na alitoka wapi, na daftari la vifo hufunga hesabu. Safu ya kazi ya mwanamke ama haikuwapo ama haikujazwa, na hapo ndipo mtafiti wa haraka hukata tamaa. Asikate. Kazi ambayo mwandishi hakuiandika inajulikana kwa mahali. Maelezo tuliyo nayo ya Ikombe yanaonyesha kwamba ufinyanzi pale haukuwa wa nyumba mbili tatu: ulikuwa kazi ya wanawake wa kijiji kwa ujumla, na binti aliujua kabla ya kuolewa. Kwa hiyo orodha ya wanawake watu wazima wa Ikombe karibu ni orodha ya wafinyanzi. Kile kilichokuwa pengo katika daftari kinazibwa na jiografia.

Hesabu hiyo ina mipaka, na ni lazima isemwe. Waliobatizwa mwanzoni walikuwa wachache, na wachache wa mwanzo si lazima wafanane na jirani zao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na vituo vikawa chini ya Waskoti wa misheni ya Livingstonia mpaka katikati ya miaka ya 1920, kwa hiyo mwandiko, lugha na tahajia za majina hubadilika, na kizazi kizima kinaweza kukatika mikononi mwa msomaji asiye makini. Ila mtu anayejua pengo liko wapi hawezi kudanganywa nalo. Anaweza kurukia upande wa pili kwa kutumia majina ya wazazi, kwa sababu mtoto aliyebatizwa baada ya vita humtaja mama aliyezaliwa kabla yake.

Daftari la ndoa, kwa maoni yangu, ndilo lenye utajiri mkubwa zaidi kwa historia ya sanaa hii. Wakisi hawaishi Ikombe tu. Vijiji vyao hufuata ufuko kuelekea kusini hadi Lupingu, katika Ludewa ya leo, na mpaka wa utawala umewakata vipande: upande mmoja ulihesabiwa Rungwe na baadaye Kyela, mkoani Mbeya, na upande wa pili Njombe, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Mfinyanzi alipoolewa kijiji kingine alihama na mkono wake, yaani namna yake ya kukunja mdomo wa chungu na kupanga mistari mabegani. Anayechunguza vyungu akaona mtindo mmoja umetokea ghafla kilomita kadhaa kusini huwa na mazoea ya kusema biashara imeupeleka. Pengine. Lakini pengine aliupeleka bibi arusi mmoja, na ushahidi wake ni mstari mmoja katika kitabu kilichoko ofisi ya usharika ambayo mchunguzi wa vyungu hakufikiria kuingia. Mtu anapoweka daftari la ndoa kando ya rafu ya vyungu, historia ya mitindo inapata wahusika.

Kumbukumbu za serikali ni ngumu zaidi. Kodi ya kibanda, iliyowekwa na Wajerumani kwa amri ya mwaka 1897, ilimhesabu mwenye nyumba, na mwenye nyumba katika macho ya karani alikuwa mwanamume. Vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza, vilivyotunzwa katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, hueleza koo, machifu, masoko na ufundi, navyo hupenda kumtazama mhunzi kuliko mfinyanzi. Hapa msomaji anatakiwa ayasome maandishi kwa upande wao wa pili. Kaya ya pwani ya Ikombe isiyo na shamba la maana, na ambayo mwaka baada ya mwaka imelipa kodi, imelipa kwa kitu. Samaki ni jibu mojawapo. Jibu la pili ni chungu, na chungu ni jasho la yule ambaye jina lake halimo kwenye stakabadhi.

Ukipanda kutoka ziwani kwenda Iringa, mbinu ya Ikombe haifai tena. Katika Uhehe na Ubena wafinyanzi walikuwa wametawanyika, mmoja hapa na mwingine kule, hivyo orodha ya wanawake wa kijiji haituambii nani alifinyanga. Tena, dola ya Wahehe chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa ilijengwa kwa kukusanya watu wa asili nyingi, wakiwamo mateka, na kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwaka 1894 kuliwatawanya tena. Ernst Nigmann, ofisa wa Kijerumani wa Iringa, aliandika kitabu kizima juu ya Wahehe mwaka 1908, na msomaji anaweza kudhani kila kitu kilichotengenezwa ndani ya mipaka ile kilitengenezwa na mikono ya Kihehe. Hakuna sababu ya kuamini hivyo. Mwanamke aliyeletwa kutoka kwa jirani alikuja na ufundi wa mama yake. Kwa Iringa basi njia ni familia moja moja. Tosamaganga, misheni ya Wabenedikto ya miaka ya 1890 ambayo baada ya vita ilipokewa na Wakonsolata, ni mfano wa mahali pa kuanzia, kwa kuwa parokia za Kikatoliki zina desturi ya kitabu cha familia kinachounganisha mzazi na watoto. Wazee wa sasa wanajua bibi yupi alikuwa mfinyanzi. Kitabu kinajua bibi huyo alikuwa mtoto wa nani. Kila kimoja peke yake hakitoshi, ila vikikutanishwa nasaba ya ufundi inaanza kuonekana, na mara nyingine huenda ikavuka mpaka wa kabila tulilozoea kulitaja.

Kuna pingamizi linalostahili jibu la heshima. Husemwa kwamba ufinyanzi wetu ulikuwa mali ya jamii, kwamba hakuna aliyetia sahihi, na kwamba kumtafuta msanii mmoja ni kuvaa macho ya wageni. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake: umbo la chungu lilirithiwa, na hakuna mwanamke wa Ikombe aliyedai kuwa amelibuni. Lakini kurithi umbo hakumfuti mwenye kulitekeleza. Tazama Ladi Kwali wa Nigeria. Alijifunza kufinyanga kwa mikono kutoka kwa shangazi yake, katika mapokeo ya wanawake yasiyo na sahihi, na vyungu vyake vilikuwa tayari katika jumba la Emiri wa Abuja kabla hajajiunga na kituo cha mafunzo cha mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew mwaka 1954. Leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Wageni walimpa soko la mbali na orodha za maonyesho, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kujulikana nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa kila soko la vyungu: mnunuzi wa Kinyakyusa aliyerudi kwa mwuzaji yuleyule kwa sababu vyungu vyake havivuji hakuhitaji sahihi.

Wengine watasema kwamba kumbukumbu zenyewe ni za mtawala na mmisionari, zimejaa dharau, na anayezitegemea ataishia kuona kwa macho yao. Dharau imo, wala sina nia ya kuipunguza. Hata hivyo karatasi ya mkandamizaji imewahi kumrudisha mtu aliyekandamizwa. Huko South Carolina, Marekani, David Drake alikuwa mtumwa mfinyanzi wa mitungi mikubwa, aliyethubutu kuandika jina lake na beti juu ya udongo wakati kumfundisha mtumwa kuandika kulikuwa kosa. Maisha yake yamefuatiliwa kwa hati za rehani na mirathi zilizomtaja kama mali, mpaka sensa ya 1870 ilipomwandika kama mtu huru mwenye kazi yake. Hati zile ziliandikwa kwa ukatili na zimesomwa kwa haki. Wafinyanzi wetu hawakuacha maandishi juu ya udongo, lakini waliacha alama. Ndani ya chungu, mahali ambapo kokoto ya kulainishia haikufika, hubaki michirizi ya vidole, na kwa ukubwa na wingi wa mikunjo yake wanaakiolojia wa nchi mbalimbali wamejifunza kukadiria umri wa aliyefinyanga. Vigae vilivyochimbuliwa Mlambalasi, mkoani Iringa, au vile vya machimbo ya chumvi ya Ivuna vilivyo vya kati ya karne ya 13 na ya 15, havitatupa majina kamwe. Vinaweza kutupa mikono.

Lipo pia swali la wale wasio na chuki wala nadharia: ya nini taabu hii, ikiwa sufuria na ndoo za plastiki zimeshashinda? Ushindi huo haujakamilika, maana vyungu bado vinashushwa Lyulilo na bado vinanunuliwa. Na mwanamke anayevishusha leo yuko hatarini kupotea kama bibi yake. Katika fomu za serikali mwanamke wa kijijini huandikwa mkulima, hata kama shamba lake ni dogo na chakula cha nyumba hutoka motoni. Mtendaji wa kijiji cha Ikombe anaweza kurekebisha hilo bila bajeti wala mradi, kwa kuandika mfinyanzi katika safu ya kazi, na kuongeza jina la aliyemfundisha. Makumbusho ya Iringa Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na Makumbusho ya Taifa yanaweza kudai taarifa hizohizo kwa kila chungu kinachonunuliwa: nani alikifinyanga, alifundishwa na nani, mama huyo alitoka kijiji gani. Maswali hayo matatu, yakiulizwa mwaka huu, yanaweza kumfikisha mwulizaji kwenye mwanamke aliyezaliwa katika miaka ya 1920 au 1930, na kutoka hapo daftari la ubatizo la Ikombe linaendelea kurudi nyuma kwa kizazi kimoja zaidi.