Kuzika Pasipo Maiti: Tathmini ya Mazoezi ya Kuigiza katika Kufundisha Ujenzi wa Amani

Kila mchungaji aliyepitia chuo cha theolojia anaikumbuka siku alipobatiza mwanasesere mbele ya wanafunzi wenzake, au alipoongoza ibada ya maziko pasipo maiti wala wafiwa. Mwalimu alisahihisha sauti, hatua, na namna ya kushika kitabu. Hakuna aliyedhani kwamba kwa zoezi lile mwanafunzi alikuwa amejifunza kumfariji mjane. Alichojifunza ni kwamba siku atakaposimama kaburini kwa kweli, asihangaike kutafuta ukurasa, bali apate nafasi ya kuwaangalia wafiwa usoni.

Naanza na jambo hili kwa sababu katika makala haya nakusudia kupima njia ya kufundishia iliyoenea katika vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na ambayo baadhi yetu tumeijaribu hapa kwetu, yaani kufundisha ujenzi wa amani na ulinzi wa amani kwa mazoezi ya kuigiza darasani. Wako wanaoisifu kana kwamba ni dawa ya kila upungufu wa mihadhara yetu. Wako pia wanaoidharau kuwa ni mchezo wa watoto juu ya vifo vya watu. Pande zote mbili, kwa maoni yangu, hazijauliza swali linalopasa kutangulia: zoezi la namna hii linafundisha nini hasa, na ni kitu gani lisichoweza kukifundisha hata likiandaliwa vizuri namna gani?

Zoezi lenyewe

Mfano unaofahamika sana ni ule wa Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, nchini Kanada. Huko Profesa Rex Brynen alibuni nchi ya kufikirika aliyoiita Brynania, nchi iliyoharibiwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa miaka mingi wanafunzi wa somo lake la ujenzi wa amani, ambao mara nyingi walizidi 100, waligawiwa nafasi mbalimbali: serikali, makundi ya waasi, nchi jirani, Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada, na waandishi wa habari. Kwa muda wa wiki moja walikutana, waliandikiana, walitishana na kupatana. Barua pepe za wiki hiyo moja zilipita 10,000. Mwaka 2010 Profesa Brynen alilieleza zoezi hilo katika makala ya kitaaluma, na tangu hapo limekuwa kielelezo kwa walimu wengi.

Zoezi hili latofautiana sana na mabaraza ya kuigiza ya Umoja wa Mataifa ambayo vijana wa shule zetu wanayajua. Katika mabaraza yale mwanafunzi huketi nyuma ya bendera, hungoja zamu yake, hutoa hotuba, na azimio hupigiwa kura kwa utaratibu. Katika Brynania hapana zamu. Ujumbe hukuta mpokeaji amelala. Shirika moja hupeleka chakula katika kambi ambayo jingine limekwisha kuihudumia, huku kambi ya tatu ikisahauliwa. Uvumi hutangulia habari ya kweli, na mwenye kutaka amani hushindwa, si kwa sababu ameshindwa hoja, bali kwa sababu hakupatikana kwa wakati.

Faida ambayo haifai kubezwa

Hapo ndipo ilipo faida ya kwanza, nayo ni kubwa. Vitabu vingi juu ya migogoro humfanya msomaji awe kama Mungu, aonaye yote kwa pamoja na kujua mwisho tangu mwanzo. Zoezi humshusha kutoka katika kiti hicho.

Tuchukue mfano wa Rwanda. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na jeshi la Umoja wa Mataifa lenye askari wapatao 2,500 likapelekwa kuusimamia, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Tarehe 11 Januari 1994 jenerali huyo aliarifu makao makuu mjini New York juu ya silaha zilizofichwa na mpango wa kuua, akieleza nia yake ya kuzikamata silaha hizo. Hakuruhusiwa. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili, Baraza la Usalama liliamua tarehe 21 kwamba jeshi hilo lipunguzwe hadi askari 270.

Mwanafunzi asomaye habari hii kitabuni huuliza: ni nani aliyekuwa mwovu? Swali hilo ni halali, wala lisinyamazishwe. Lakini mwanafunzi aliyekaa katika zoezi akiwa na barua mia tatu mezani asizozijibu huongeza swali la pili: ujumbe ule ulisomwa na nani, kwa mamlaka gani, na kwa nini uzito wake haukuonekana? Swali la pili halifuti dhambi ya mtu. Laonyesha kwamba watu wasio wauaji wanaweza, kwa tahadhari ya kiofisi na kwa hofu ya kurudia kosa la jana, kuwaachia wauaji nafasi. Mchungaji mtarajiwa ambaye siku moja atapokea taarifa za vitisho kutoka mitaa yake anahitaji kulijua jambo hilo mapema.

Upungufu wa kwanza: wasiokuwapo mezani

Hata hivyo, zoezi lina mipaka ambayo haiondolewi kwa kuongeza ustadi wa mwalimu. Mpaka wa kwanza ni kwamba katika zoezi yupo yule tu aliyepewa nafasi. Mwalimu akiisha kuandika orodha ya wahusika, ulimwengu umefungwa.

Katika migogoro ya kweli, mara nyingi jambo kubwa ni nani hakuingizwa katika orodha. Usuluhishi wa Burundi ulioongozwa na Mwalimu Nyerere, na baada ya kifo chake mwaka 1999 ukaongozwa na Nelson Mandela, ulizaa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Ulikuwa mkataba mpana, wenye mawazo mazito juu ya mgawanyo wa madaraka, hata juu ya kuirudishia heshima taasisi ya kale ya Bashingantahe, wazee waamuzi wa vijijini. Lakini makundi makuu mawili yaliyokuwa yakipigana porini hayakuutia saini, na vita viliendelea. Kundi moja kati ya hayo lilikubaliana na serikali mwaka 2003, na jingine likachelewa zaidi.

Ni zoezi gani la darasani litakalomfundisha mwanafunzi kumtafuta mtu ambaye hayumo katika karatasi aliyopewa? Tena, nani huigiza nafasi ya mama wa kijijini ambaye hana barua pepe, hana bendera wala msemaji? Katika mazoezi mengi mama huyo huwa ni hesabu tu: wakimbizi elfu kadhaa wamevuka mto. Sisi tunaokumbuka jinsi watu wapatao 250,000 walivyovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, mwishoni mwa Aprili 1994, tunajua kwamba hesabu hiyo ilikuwa na nyuso.

Upungufu wa pili: ustadi pasipo tabia

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Zoezi hufundisha ustadi: kusikiliza, kuandika mapendekezo, kupima maslahi ya kila upande, kujua lini kutishia na lini kunyamaza. Haya yote ni mema. Lakini ustadi waweza kukaa ndani ya mtu anayewadharau wale aliotumwa kuwalinda.

Kanada ni nchi iliyojivunia sana kazi ya ulinzi wa amani. Lester Pearson alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1957 kwa mchango wake katika kuunda jeshi la Umoja wa Mataifa wakati wa mgogoro wa Suez. Pamoja na urithi huo, tarehe 16 Machi 1993, huko Beledweyne, Somalia, askari wa kikosi cha Kanada walimtesa hadi kufa kijana Shidane Arone, aliyekuwa na umri wa miaka 16, baada ya kumkamata katika eneo la kambi yao. Kikosi hicho kilivunjwa mwaka 1995. Askari wale hawakumwua kijana yule kwa sababu hawakufundishwa namna ya kuendesha mazungumzo. Walikuwa wamekwisha kuacha kumwona kama mtu.

Katika darasa, waliokufa hufufuka zoezi likiisha. Aliyechoma kijiji kwa karata ya mezani huenda kula chakula cha mchana pamoja na aliyechomewa. Kuna hatari kwamba mwanafunzi mwenye akili nyingi atajifunza kufurahia werevu wake, na kuhesabu ushindi kuwa ndiyo amani. Mwalimu akitoa alama kwa kundi lililopata zaidi katika mkataba, amekwisha kulithibitisha kosa hilo kwa kalamu nyekundu.

Kosa langu mwenyewe

Sisemi haya kama mtu asimamaye nje. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa zoezi dogo la siku mbili kwa wanafunzi wangu. Nilidhani nchi ya kubuni ingekuwa baridi mno, hivyo nikachagua mgogoro wa kweli wa eneo la Maziwa Makuu. Mwanafunzi mmoja, mtu mzima, mtaratibu, nilimpa nafasi ya mwakilishi wa wakimbizi, nikiamini kwamba kwa kuwa alikulia kambini angeifaidisha darasa kwa ujuzi wake.

Siku ya kwanza hakusema neno. Wenzake walimlaumu kwamba analiangusha kundi. Siku ya pili alisimama akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nisamehe. Jambo hili mimi siwezi kuliiga. Naweza kulikumbuka tu." Akaketi. Niliendelea na ratiba kwa sababu muda ulikuwa mfupi, na hilo ndilo kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa nimemgeuza jeraha lake kuwa kifaa cha kufundishia wengine, tena bila kumwuliza.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wengine wataitumia methali hii kupinga zoezi lolote. Lakini tukiichukua hivyo, hata Mwalimu Nyerere na Mandela wasingekuwa na haki ya kusuluhisha Burundi, kwa maana hawakuwa Warundi. Methali haimkatazi mgeni kuingia nyumbani. Yamwonya asijidai kuwajua kunguni. Zoezi jema, basi, ni lile linalomtoa mwanafunzi akiwa anajua vizuri zaidi kuliko jana kile asichokijua. Zoezi langu lilifanya kinyume: lilimnyamazisha aliyejua, likawapa usemi walioiga.

Masharti ya kulitumia

Kwa hiyo sipendekezi kuliacha. Napendekeza tulitumie kwa masharti manne.

Kwanza, nchi iwe ya kubuni, kama alivyofanya Profesa Brynen. Nilichokiita ubaridi ni ulinzi kwa wale waliobeba kumbukumbu. Vyuo vyetu hupokea wanafunzi waliotoka katika vita, na mwalimu hajui daima ni nani.

Pili, kila mwanafunzi awe na haki ya kukataa nafasi aliyopewa, bila kutoa sababu na bila kupunguziwa alama. Alama zitolewe kwa tafakari iliyoandikwa baada ya zoezi, zisitolewe kwa ushindi ndani yake.

Tatu, kikao cha mapitio kisiwe dakika ishirini za mwisho kabla ya kengele. Kiwe na muda sawa na zoezi lenyewe. Humo waulizwe: ni nani hakuwapo mezani? Ni lini ulimwona mwenzako kama kikwazo tu? Ni uongo gani uliousema kwa urahisi, na ungeusema tena? Mimi nilipofuata ratiba, ilikuwa ni sehemu hii niliyoikata.

Nne, zoezi lifuatwe na kukaa na watu. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilihudumia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miaka mingi, na katika sharika zetu wako wazee waliofanya kazi huko au waliolelewa huko. Mwanafunzi apelekwe kwa wazee wa namna hiyo, asiende kuhoji kwa karatasi ya maswali, bali aende kukaa na kusikiliza, kama watakubali kusema.

Hitimisho

Nimelilinganisha zoezi hili na maziko ya darasani, na naona ulinganisho huo wafaa hadi mwisho. Hatukuacha kufundisha ibada ya maziko kwa kuwa darasani hapana maiti, na vilevile hatukumtuma mwanafunzi kwa wafiwa tukimwambia kwamba sasa ameijua huzuni. Mwanafunzi aliyeketi na kusema "naweza kulikumbuka tu" sasa anahudumu usharikani. Tulipokutana mara ya mwisho nilimwomba radhi. Aliniambia kwamba katika usharika wake kuna ugomvi wa mpaka wa shamba uliodumu miaka mingi kati ya familia mbili, na kwamba huwatembelea wote wawili kila juma, kila mmoja kwake, bila bado kuwaita pamoja. Nilimwuliza anangoja nini. Akasema bado kuna mtoto mmoja wa kiume, aliye mbali mjini, ambaye hakuna aliyemwuliza maoni yake.